Fahali na fuvu: kisa cha picha ya John Bull, 1589

Ukiitazama picha hii kwa mara ya kwanza, jicho haliendi usoni kwa mwenyewe. Linakwenda kwenye fuvu. Ni fuvu la binadamu, limekalishwa juu ya saa ya mchanga, na kinywani limeumishwa mfupa uliolala kwa upana, utadhani mpiga filimbi aliyebaki na meno tu. Kando yake yuko kijana mwenye ndevu, amevaa joho la msomi, ametulia kama mtu asiye na habari na jirani yake.

Upande wa pili wa kichwa chake kuna maandishi ya Kilatini: An. Aetatis Suae 26, 1589. Yaani katika mwaka wa 26 wa umri wake, mwaka 1589. Kisha kuna fremu. Kila ubavu wa fremu umebeba nusu mstari wa Kiingereza, kwa hiyo msomaji hana budi kuzungusha macho pande zote nne ndipo ubeti ukamilike. Jina la kijana ni John Bull, na Bull kwa Kiingereza ni fahali. Aliyetunga ubeti hakukubali mzaha huo umpite. Nikiuweka katika mizani yetu, unasema hivi:

Fahali kwa yake kani, ndiye mkuu wa konde;
Bali Bull kwa yake fani, watu wote wampende.

(Asichanganywe na John Bull yule mnene wa vibonzo, mwenye kofia na tumbo, anayesimama badala ya Uingereza nzima. Huyo ni mtu wa kubuniwa, alizaliwa kwenye karatasi mwaka 1712. Wetu alikuwa mtu wa nyama na damu, mtunzi na mpiga kinanda wa kanisa, na alikuwa amekwisha kufa karibu miaka mia.)

Mchoraji hajulikani. Picha ni ya rangi ya mafuta, na kwa muda mrefu ilitundikwa katika Shule ya Muziki ya Chuo Kikuu cha Oxford. Leo ni mali ya Kitivo cha Muziki cha chuo hichohicho. John Hawkins, mwanahistoria wa muziki wa karne ya 18, aliizungumzia katika historia yake ya mwaka 1776, na tangu hapo kila anayeandika habari za Bull lazima apitie kwenye picha hii. Sababu ni kwamba watunzi wa Kiingereza wa enzi ile wametuachia sauti nyingi na sura chache. William Byrd, mkubwa wao wote, hana picha tunayoweza kuapa kwamba mchoraji alimwona kwa macho. Sura yake na ya mwalimu wake Thomas Tallis zinazozunguka vitabuni zilichongwa katika karne ya 18, zaidi ya miaka mia baada ya wote wawili kuzikwa. Orlando Gibbons ana picha Oxford, lakini ni nakala. Ya asili imepotea. Bull peke yake anatutazama akiwa na tarehe ubavuni.

Na tarehe hiyo ndiyo kiini cha kisa chetu, kwa sababu hakuna daftari la ubatizo linalotuambia Bull alizaliwa lini wala wapi. Tunachokisoma leo kila mahali, kwamba alizaliwa 1562 au 1563, msingi wake mkubwa ni ile namba 26 iliyoandikwa kwa brashi. Watu hutoa 26 kwenye 1589, wakapata 1563, wakarudi nyuma mwaka mmoja kwa tahadhari, basi. Tuipige hesabu polepole, maana ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza uko kwenye kalenda. Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza haikuanza mwaka tarehe 1 Januari kama sisi. Kwenye hati, mwaka ulianza tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari, na uliendelea hivyo hadi kalenda ilipobadilishwa 1752. Kwa hiyo mchoraji aliyeandika 1589 angeweza kuwa ameshika brashi Februari, mwezi ambao sisi tungeuita wa 1590. Ikiwa Bull alikuwa na umri wa miaka 26 siku aliyochorwa, iwe siku yoyote ndani ya mwaka huo wa kizamani, basi alizaliwa kati ya Machi 1562 na Machi 1564.

Mtego wa pili uko kwenye Kilatini. Maneno yale, ukiyachukua kama yalivyo, hayasemi kwamba ana miaka 26. Yanasema yumo ndani ya mwaka wa 26, na mtu aliye ndani ya mwaka wa 26 ametimiza 25. Ni sawa na kumsema mtoto kwamba anaingia mwaka wa pili: ana mwaka mmoja na miezi. Wachoraji wa wakati ule hawakuwa na msimamo mmoja. Wengine waliandika hivyo wakiwa na maana ya umri uliotimia, wengine wakimaanisha mwaka unaoendelea. Ukiisoma kwa namna hii ya pili, kuzaliwa kunasogea hadi kati ya Machi 1563 na Machi 1565.

Tuna kipimo kimoja cha pembeni. Bull alipopewa shahada ya kwanza ya muziki Oxford, tarehe 9 Julai 1586, iliandikwa kwamba amekuwa katika fani hiyo kwa miaka 14. Rudi nyuma miaka 14, unafika 1572. Mwaka uliofuata au karibu na hapo tunamkuta mtoto katika kwaya ya Kanisa Kuu la Hereford, karibu na mpaka wa Wales. Mtoto wa kwaya wa miaka tisa au kumi ni jambo la kawaida kabisa; wa miaka saba angekuwa mdogo kidogo kuanza kuhesabiwa miaka ya kazi. Ndiyo maana mimi naegemea upande wa usomaji wa kwanza, 1562 hadi mwanzoni mwa 1564. Lakini naegemea tu. Atakayeniambia kwa ukali kwamba ni 1563 na si vinginevyo, nitamwuliza amekiona wapi cheti.

Tumwangalie sasa mtu aliyeketi kuchorwa. Safari yake ilikuwa ya kupanda tu. Kutoka Hereford alipelekwa London bado mtoto, akaingia katika kwaya ya kanisa la kifalme. Hili si jengo. Ni kundi la mapadre, waimbaji na wapiga kinanda waliomhudumia mtawala popote alipo, na wakuu wake walikuwa na hati ya kuchukua watoto wenye sauti nzuri kutoka makanisa mengine, mzazi apende asipende. Huko alilelewa na mpiga kinanda John Blitheman. Desemba 1582 alirudi Hereford akiwa na cheo cha mpiga kinanda wa kanisa kuu, na punde akakabidhiwa watoto wa kwaya pia. Januari 1586 aliapishwa kuwa mmoja wa waimbaji wa malkia, na Julai mwaka huohuo akapata joho. Hilo ndilo joho lililomo pichani, la shahada ya kwanza. Udaktari wa Oxford aliupata 1592.

Joho hilo lina mambo. Shahada ya muziki siku zile haikumtaka mtu akae chuoni miaka kadhaa akihudhuria masomo. Ulionyesha kwamba umekuwa kazini muda wa kutosha, ukatoa utungo wako, ukapitishwa. Wengi wa waimbaji wa kanisa walikuwa watu wa kipato kidogo, na joho ndilo lililowatenganisha na mpiga zeze wa kilabuni. Ukimwona Bull amevalia vile, unaweza kudhani ni mtu aliyekwisha shiba. Miaka miwili tu baadaye, 1591, anamwandikia malkia kuomba pato la ardhi ya kifalme, akieleza kwamba ufukara wake unamzuia kabisa kusoma. Ndani ya nguo za bwana yule kulikuwa na mtu anayehesabu senti. Nashuku hata picha yenyewe ilikuwa sehemu ya kuomba: huchori uso wako, umri wako, shahada yako na ubeti wa kujisifu kwa ajili ya ukuta wa chumba cha kulala. Unachora ili mtu fulani aone. Mwaka huohuo wa barua Blitheman alifariki, na Bull akakalia kiti chake cha mpiga kinanda wa malkia.

Kuna kitu hakimo pichani, nacho kilinichukua muda kukigundua. Hakuna kinanda. Hakuna hata karatasi ya noti. Mtu aliyesifika kwa vidole hakuonyeshwa na chombo chake. Na vidole hivyo havikuwa vya mchezo. Mkusanyiko mkubwa wa maandishi ya mkono wa muziki wa virginali uliohifadhiwa Cambridge, ule wa Fitzwilliam, unafunguliwa na utungo wake, vigeuzi 30, yaani namna 30 za kuugeuzageuza wimbo wa watu unaoitwa Walsingham. Virginali ni kinanda kidogo cha nyuzi, kinawekwa mezani; ukibonyeza kibao, kijiti chenye ncha ya unyoya kinapanda na kukwanyua uzi. Sauti yake inakufa upesi, kwa hiyo mpigaji lazima aijaze nafasi kwa mbio. Bull anaijaza. Wimbo unaanza mpole, kila sauti inasubiri zamu yake. Kufika mwishoni noti moja inapigwapigwa kwa kupokezana vidole, mkono wa kushoto unaruka kama umeungua, na mikono inapishana, wa huku unakwenda kule. Mpaka leo wapigaji wanauheshimu utungo huo kama mtu anavyoheshimu mlima. Lakini mchoraji hakupewa kazi ya kuonyesha mikono. Alipewa kazi ya kumchora msomi, na msomi anajulikana kwa joho. Mpiga ala alikuwa fundi, na ufundi haukuwa na cheo.

Basi fuvu linafanya nini? Nimekutana na watu wanaolisoma fuvu hili kama dalili ya uchawi, na wanalifunga na hadithi ambayo Anthony Wood, mwandishi wa habari za Oxford wa karne ya 17, aliihifadhi. Anasema Bull alipokuwa safarini Ufaransa alipitia Saint-Omer, akijificha jina, akajifanya mwanafunzi mbele ya mwanamuziki wa kanisa kuu la pale. Mwenyeji akamwonyesha utungo wa sauti 40, yaani mistari 40 tofauti inayokwenda kwa pamoja, na kujigamba kwamba hakuna duniani awezaye kuongeza sauti hata moja. Bull akaomba wino na karatasi iliyopigwa mistari, akaomba pia afungiwe ndani saa mbili au tatu. Mlango ulipofunguliwa, utungo ulikuwa na sauti nyingine 40. Mwenyeji akaujaribu, akaujaribu tena, kisha akaapa kwamba aliyefanya kazi hiyo ni ama Shetani ama Dakta Bull. Hadithi tamu, nayo ni hadithi. Sauti 40 mpya ndani ya saa tatu, hata kunakili tu mkono ungekufa ganzi.

Fuvu halihitaji Shetani. Ulaya ya karne ya 16 ilijaa picha za watu wazima wenye afya zao walioketi karibu na fuvu, saa ya mchanga au mshumaa unaozimika. Maana yake ilisomwa na kila mtu aliyepita: nami nitakufa, na wakati unamwagika. Ilikuwa adabu ya mtu aliyechorwa, njia ya kusema kwamba kujichoresha si kiburi. Kwa mtu wa kanisa ilifaa zaidi. Ila hapa naona kichekesho ambacho huenda kilikusudiwa: fremu inajisifu kwa kelele, saa ya mchanga inamnyamazisha. Mfupa mdomoni ni kizibo. Na kwa mwanamuziki saa ya mchanga ina uzito wa ziada, maana yeye chote anachokitengeneza kinakwisha kinapomalizika kupigwa.

Turudi kwenye ubeti, kwa sababu maisha yaliyofuata ni kama yaliamua kuujaribu neno kwa neno. Ubeti unaweka mpaka: kani ni ya fahali wa shambani, fani ni ya Bull. Mwaka 1597 chuo kilichoanzishwa kwa wosia wa tajiri Thomas Gresham kilifunguliwa London, na Bull akawa profesa wake wa kwanza wa muziki, kwa pendekezo la malkia mwenyewe. Mihadhara ilitakiwa itolewe kwa Kilatini na Kiingereza. Bull hakuimudu lugha ya kwanza, akaruhusiwa kufundisha kwa Kiingereza peke yake. (Yule wa maandishi ya Kilatini ubavuni, ndiyo.) Maprofesa walipewa vyumba ndani ya nyumba ya marehemu Gresham. Bull alipofika kwenye vyake akakuta vimekaliwa na mtoto wa kambo wa Gresham, ambaye hakuwa na mpango wa kuhama. Profesa akamwita fundi mwashi, wakavunja ukuta. Jambo likaishia kwenye kesi. Kani imeingia ndani ya fremu.

Sharti la kiti kile lilikuwa mtu asiwe na mke. Mwaka 1607 Bull alijiuzulu, akaoa. Yapata 1613 jina lake lilikuwa kileleni: yeye, Byrd na Gibbons walitoa kwa pamoja Parthenia, kitabu cha kwanza cha muziki wa virginali kuchapishwa Uingereza, zawadi ya ndoa ya Binti Mfalme Elizabeth, mtoto wa Mfalme James. Kabla mwaka haujaisha, Bull alikuwa ametoroka nchi.

Kisa chake kilikuwa uzinzi. Askofu Mkuu wa Canterbury, George Abbot, aliandika kwamba mtu huyu ana muziki mwingi kuliko uaminifu, na kwamba sifa yake ya kuwaharibu wanawali haipungui sifa yake ya kuchezesha vidole kwenye vinanda na virginali. Hata askofu mwenye hasira hakuacha kucheza na maneno. Virginali na mwanamwali (virgin) kwa Kiingereza yanasikika karibu sawa. Bull alivuka bahari hadi Brussels, akapata kazi mara moja katika kanisa la Mtawala Albert, Mkatoliki. Yeye mwenyewe alijieleza kwamba anaandamwa kwa ajili ya imani ya Kikatoliki. Mjumbe wa Uingereza mjini Brussels, aliyeitwa, amini usiamini, William Trumbull, alimwandikia Mfalme James mwaka 1614 akikanusha: huyu hakukimbia kwa dini, amekimbia adhabu ya uasherati, uzinzi na makosa mengine mazito.

Nani mkweli? Sioni sababu ya kuchagua mmoja. Mtu anaweza kuwa Mkatoliki wa siri na mzinzi wa wazi katika mwili mmoja. Abbot na Trumbull walikuwa na kazi ya kumchafua mtoro aliyehamia kwa Wakatoliki. Bull alikuwa na kazi ya kula. Ninachokiona ni kwamba ubeti wa fremu haukuwa uongo, ulikuwa tu haujasema ni watu gani hao wampende. Fani ile ile ambayo haikuweza kumkinga kwa Askofu Mkuu ndiyo iliyomfungulia mlango Brussels bila barua nzuri hata moja kutoka kwao. Mwaka 1617 akawa mpiga kinanda wa Kanisa Kuu la Antwerp. Jan Pieterszoon Sweelinck, mpiga kinanda mkuu wa Amsterdam, alipofariki 1621, Bull alitunga fantasia, utungo huru wa ala, juu ya wazo la muziki la Sweelinck, fundi mmoja akimwaga machozi kwa fundi mwenzake, huku Mprotestanti na Mkatoliki wakiwa vitani kila mahali.

Hakurudi kwao. Alifariki Antwerp Machi 1628, akazikwa tarehe 15 kwenye makaburi ya kando ya kanisa kuu. Atakayetaka kuandika umri wake wa kufa inabidi avuke tena bahari hadi Oxford, asimame mbele ya picha, aamue ile 26 ni ya kutimia au ya kuingia, na 1589 imeishia Desemba au Machi. Akimaliza atapata kati ya miaka 62 na 65.